Dawa ya Uani: Historia ya Upandaji na Uvunaji wa Mitishamba ya Nyumbani Jijini Kigali, 1907–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mitishamba inayopandwa na kuvunwa na kaya za Kigali kwa matumizi ya nyumbani, tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1907 hadi sensa ya mwaka 2022. Kwa kutumia machapisho ya enzi ya ukoloni, matokeo ya tafiti za kisayansi, mwelekeo wa sera za afya na ushahidi wa msamiati, makala yanadai kwamba katika vipindi vyote hivyo dola na sayansi zilimtazama mganga na kemikali iliyomo ndani ya mmea, zikampita mpandaji wa nyumbani. Pengo hilo halikuonekana kuwa na gharama kubwa wakati mimea ya uani ilikuwa ya kienyeji na uani wenyewe ulikuwa mpana. Limeanza kuwa na gharama tangu artemisia ilipoingia katika bustani za ukanda huu na vimelea vya malaria vyenye dalili za usugu dhidi ya artemisinini vilipobainika Masaka, ndani ya mipaka ya jiji. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo manne ya kisera.

Istilahi za msingi: uani, mitishamba, usugu wa dawa, artemisia, Kigali

1.0 Utangulizi

Katika Kinyarwanda, neno umuti lina maana ya dawa, ilhali mti wenyewe huitwa igiti. Msemaji wa Kiswahili hulitambua shina hilo mara moja, kwa kuwa ndilo lililomo katika neno mti. Kiswahili kilipokea neno dawa kutoka Kiarabu, nalo neno mti likabaki likitaja mmea, ingawa maana ya tiba ingali inachungulia katika neno mitishamba. Ulinganifu huu unaonyesha jinsi jamii za Kibantu zilivyouhusisha mmea na tiba tangu kale, kiasi kwamba shina moja la neno liliweza kubeba maana zote mbili.

Hata hivyo, historia iliyoandikwa ya tiba nchini Rwanda haikuanzia kwenye mmea uliopandwa nyumbani. Anayesoma orodha za mimea-dawa za nchi hiyo hukutana na waganga, mapadri, wanabotania, wanakemia na taasisi zao. Ni nadra kukutana na mtu aliyekata kipandikizi kwa jirani, akakichomeka nyuma ya jiko, akakimwagilia wakati wa kiangazi, kisha akachuma majani alfajiri mtoto alipoamka na homa. Kinyarwanda kina neno umuvuzi kwa mganga anayetibu na umupfumu kwa mpiga ramli. Mpandaji wa nyumbani hana cheo cha namna hiyo. Anaitwa mama, nyanya au jirani.

Hoja ya makala haya ni kwamba kukosa cheo huko kumekuwa na matokeo ya kihistoria. Mamlaka za Kigali, kila moja kwa wakati wake, zilijua namna ya kumdhibiti, kumpuuza au kumtambua mganga. Maabara nazo zilijua namna ya kutenga kemikali kutoka kwenye jani. Aliyepanda, aliyevuna na aliyepima kiasi cha kumnywesha mgonjwa hakuingia katika hesabu ya upande wowote. Sehemu zinazofuata zinafuatilia pengo hilo kwa mpangilio wa wakati, kisha zinaonyesha kwa nini leo ni suala la afya ya umma.

2.0 Uani kabla ya mji

Makazi ya jadi ya Wanyarwanda huitwa urugo. Ni nyumba, au nyumba kadhaa, zilizozungukwa na uzio ambao mara nyingi ulikuwa wa mimea hai. Miongoni mwa mimea hiyo ni umuyenzi (Euphorbia tirucalli), ambao watu wa pwani huujua kwa jina la mnyaa, na umuvumu (Ficus thonningii), aina ya mtini ambao gome lake lilitumika kutengeneza nguo. Mimea hii iliweka mipaka na pia kumbukumbu. Mahali palipokuwa na makao ya mfalme, mivumu iliyobaki baada ya nyumba kutoweka iliitwa ibigabiro, na hadi leo wanahistoria huitumia kutambua makao hayo. Umuko (Erythrina abyssinica) nao ulikuwa na heshima ya pekee katika ibada ya kubandwa, kwa sababu ya masimulizi ya kifo cha Ryangombe, na sehemu zake zilitumika pia katika tiba.

Nyuma ya nyumba kuu palikuwa na igikari. Tafsiri yake iliyo karibu zaidi ni uani: mahali pa kupikia, kukoboa, kuoshea watoto na kuzungumza mambo yasiyozungumzwa mbele ya wageni. Hapo, pamoja na kando ya uzio, ndipo ilipostawi mimea ambayo kaya ilihitaji kuifikia upesi. Umuravumba (Tetradenia riparia) ulitumika kwa kikohozi, homa na maumivu ya tumbo. Umubirizi (Vernonia amygdalina), wenye majani machungu, ulitumika kwa homa na minyoo. Umwenya, ulio katika jamii ya mirihani na vivumbasi (Ocimum), ulitumika kwa mafua na kikohozi. Inyabarasanya (Bidens pilosa), ambayo Waswahili huiita kishonanguo, haikuhitaji kupandwa. Ni gugu la mashambani lililochumwa na kupondwa ili kuzuia damu kwenye jeraha.

Upandaji wa mimea hii ulikuwa na kanuni zake. Umuravumba na umubirizi huoteshwa kwa vipandikizi, kwa hiyo mmea mmoja waweza kusambaa mtaa mzima kwa kupeana matawi bila mbegu wala fedha. Majira mawili ya mvua, itumba kati ya Machi na Mei na umuhindo kuanzia Septemba hadi Desemba, ndiyo yaliyofaa kwa kupanda. Wakati wa impeshyi, yaani kiangazi cha Juni hadi Agosti, umuravumba hupukutisha majani na kutoa maua. Mvunaji aliyejua hivyo alichuma na kukausha mapema, au alitafuta mmea ulio mahali penye unyevu. Kipimo kilikuwa cha mkono: konzi, kiganja, idadi ya majani. Tahadhari nayo ilifundishwa uani hapo hapo, kwani mtoto aliyelelewa ndani ya uzio wa umuyenzi alijua mapema kwamba utomvu wake mweupe huumiza macho.

Ujuzi huo haukuwa wa binadamu peke yao. Mwaka 1989 watafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu, mmoja Mmarekani na mwingine Mtanzania, walichapisha uchunguzi wao kuhusu sokwe mgonjwa katika Milima ya Mahale, magharibi mwa Tanzania, aliyetafuna utomvu mchungu wa vichipukizi vya Vernonia amygdalina. Wenyeji wa eneo hilo waliutumia mmea huo huo kwa maradhi ya tumbo. Uchunguzi huo unajulikana sana duniani. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba maana ya alichokifanya sokwe ilieleweka kwa sababu Seifu na jamii yake walikwisha kuujua mmea wenyewe.

3.0 Mji wa Kandt na mtaa wa Waswahili, 1907–1962

Mwaka 1907 Richard Kandt, daktari wa Kijerumani aliyekuwa pia mpelelezi wa chanzo cha Mto Naili, alianzisha Kigali kama makao ya uwakilishi wa Ujerumani nchini Rwanda. Nyumba yake katika eneo la Nyarugenge sasa ni makumbusho. Katika miaka hiyo hiyo ya 1907 na 1908, msafara wa kisayansi wa Kijerumani ulioongozwa na Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipita Rwanda ukiwa na mwanabotania Johannes Mildbraed, aliyekusanya sampuli nyingi za mimea ya Afrika ya Kati. Sehemu kubwa ya hazina ya mimea iliyokaushwa mjini Berlin iliteketea kwa mabomu mwezi Machi 1943. Ukusanyaji wa aina hiyo ulitafuta mmea mpya wa msituni, ambao jina lake la Kilatini lilikuwa bado halijaandikwa. Kipandikizi kilichokuwa nyuma ya jiko hakikuwa na mvuto huo.

Kigali ya mwanzo ilikuwa pia mji wa Waswahili. Askari, makarani na wafanyabiashara waliofika pamoja na utawala wa Kijerumani walikitumia Kiswahili, na msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo ulijengwa mwaka 1913. Wabelgiji walioichukua nchi mwaka 1916 waliwatengea watu hao makazi ya pekee, na jina la Camp Swahili, pamoja na mtaa wa Biryogo, likabaki kuwa kumbukumbu ya utenganisho huo.

Msamiati unaonyesha walichokileta jikoni. Kinyarwanda cha leo huita kitunguu saumu tungurusumu, tangawizi huitwa tangawizi, ndimu au limau ni indimu, na mchaichai ni mucyayicyayi. Kila neno hapa limetoka Kiswahili. Viungo hivi ndivyo vinavyochemshwa majumbani kwa ajili ya mafua na kikohozi, pamoja na umuravumba na umwenya. Majina hayo yanathibitisha kwamba duka la dawa la uani liliongezwa na wahamiaji wa mjini, na kwamba kupitia jiko maarifa yalivuka mpaka ambao utawala uliuweka kati ya mtaa wa Waswahili na vilima vilivyouzunguka.

Ushahidi wa pili wa mabadiliko ni mkaratusi, ambao kwa Kinyarwanda huitwa inturusu. Mti huu wa Australia uliletwa Rwanda na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya Mapadri Weupe kufungua misheni ya Save mwaka 1900. Ulipandwa kwa ajili ya kuni na mbao. Muda si mrefu majani yake yaliingia katika chungu cha kujifukiza, na leo wengi huyahesabu kuwa sehemu ya tiba ya gakondo, yaani ya asili. Uasilia, kwa hiyo, haupimwi kwa umri wa mmea katika nchi. Unapimwa kwa namna kaya ilivyoupokea na kuufanya wake.

Maandishi kuhusu tiba ya wenyeji yaliongezeka kuelekea mwisho wa ukoloni. Mwaka 1955 Padri A. Lestrade alichapisha mjini Brussels kitabu kuhusu tiba ya wenyeji wa Rwanda, pamoja na faharasa ya maneno ya kitabibu ya Kifaransa na Kinyarwanda. Mwaka 1960 ilifuata kazi ya J. M. Durand kuhusu mimea yenye manufaa ya Rwanda na Burundi, iliyochapishwa na shule ya Groupe Scolaire ya Astrida, ambayo tangu mwaka 1929 ilikuwa imewafundisha vijana, wakiwamo wasaidizi wa waganga wa hospitali. Machapisho haya yana thamani kubwa, kwa kuwa yalihifadhi majina. Umbo lake, hata hivyo, ni la orodha: mmea, ugonjwa, matumizi. Katika orodha hakuna nafasi ya kueleza nani alipanda, alivuna lini, alimpimiaje mtoto na mtu mzima, na alijuaje kwamba sasa dawa imeshindwa na mgonjwa apelekwe kwingine.

4.0 Kutoka kwa mganga hadi kwenye kemikali, 1962–1994

Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, Kigali ilichaguliwa kuwa mji mkuu ikiwa na wakazi takriban 6,000 tu. Makao ya elimu ya juu yalibaki kusini, Butare, jina jipya la Astrida, ambako Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa mwaka 1963. Kwa hiyo utafiti wa mimea-dawa ulistawi mbali na mji uliokuwa ukikua kwa kasi kuliko mingine yote nchini.

Hali ya kimataifa ilisaidia. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwataja waganga wa jadi miongoni mwa wanaoweza kuchangia huduma za afya ya msingi. Mwaka huo huo lilianza kutoka juzuu la kwanza la Flore du Rwanda, kazi ya juzuu 4 iliyosimamiwa na mwanabotania Georges Troupin na kukamilika mwaka 1988. Butare nayo ilipata kituo cha chuo kikuu cha utafiti wa famakopea na tiba ya jadi, kilichojulikana kwa kifupi cha CURPHAMETRA. Hapo mwanakemia Luc Van Puyvelde na wenzake wa Rwanda waliyachunguza majani ya umuravumba na kutenga kemikali ya jamii ya diterpeni iliyoonyesha katika maabara uwezo wa kuzuia bakteria na kuvu kadhaa. Umuravumba ukawa mmoja wa mimea-dawa ya Rwanda iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi.

Mafanikio haya yanastahili heshima, na yalithibitisha kwamba imani ya akina mama wa vilimani haikuwa ya bure. Lakini njia ya utafiti huo ilianzia kwa mganga aliyetaja mmea na kuishia kwenye chupa ya kemikali iliyosafishwa. Kinachozuia bakteria katika sahani ya maabara hakimwambii mzazi achemshe majani mangapi, kwa muda gani, wala kama jani la msimu wa mvua lina nguvu sawa na la kiangazi. Swali la mzazi ni la kilimo, la mavuno na la kipimo. Maabara ilijibu swali la kemia.

5.0 Mwaka 1994 na mji wa waliorejea

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza zaidi ya watu milioni moja katika muda wa siku mia moja. Katika historia ya maarifa ya nyumbani, maafa hayo yana maana ya pekee. Ujuzi wa mganga waweza kuwa umeandikwa na mtafiti. Ujuzi wa uani hupokezwa kwa mdomo na kwa mkono, kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu, na familia ilipoangamizwa hakubaki wa kutoa wala wa kupokea.

Baada ya Julai 1994, Kigali ilipokea watu waliokuwa wameishi uhamishoni tangu mwaka 1959 na miaka iliyofuata, wengine wakiwa wamezaliwa huko Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire. Mmea ambao aliyebaki Rwanda aliujua kwa jina la umubirizi, aliyelelewa Buganda aliujua kama mululuza, na umwenya ulikuwa na ndugu yake mujaaja. Kiswahili nacho hakitoi msaada wa moja kwa moja, kwa kuwa jina kama kivumbasi hutumika kwa zaidi ya spishi moja ya Ocimum. Katika mji wa namna hii, jina la mmea linapokosewa, mtu aweza kunywa kitu kingine kabisa. Suala la istilahi hapa ni suala la usalama.

Wakati huo huo mfumo wa afya ulijengwa upya. Bima ya afya ya jamii, mutuelle de santé, ilijaribiwa katika wilaya 3 mwaka 1999 kisha ikaenezwa nchi nzima. Wahudumu wa afya wa jamii, abajyanama b'ubuzima, waliochaguliwa na vijiji vyao, walipewa jukumu la kupima na kutibu malaria ya watoto karibu na nyumbani. Kwa mara ya kwanza, mwakilishi wa mfumo rasmi alikuwa anaishi ng'ambo ya uzio, si kilomita kadhaa kutoka kwenye uani. Nafasi hiyo ya kusema na mpandaji wa nyumbani bado haijatumika ipasavyo.

Sheria nayo iliendelea na mwelekeo wa zamani. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliutangaza mwongo wa 2001 hadi 2010 kuwa wa tiba ya jadi ya Kiafrika, na waganga wa Rwanda wakajipanga katika vyama. Mwaka 2018 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda. Vyombo hivi vinamhusu anayetoa huduma kwa wengine au anayetengeneza bidhaa ya kuuza. Anayechuma majani kwa ajili ya mwanawe si mtoa huduma wala mfanyabiashara, na hakuna sababu ya kumwekea leseni. Lakini kutodhibitiwa hakupasi kuwa sawa na kutosemeshwa.

6.0 Artemisia na onyo la Masaka

Kimya hicho kilipata sura mpya kwa kuja kwa artemisia (Artemisia annua). Mmea huu wa Asia ndio chanzo cha artemisinini, iliyotengwa nchini China katika miaka ya 1970 na kumpatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Katika miaka ya 1990 shirika la anamed lilianza kusambaza mbegu na mafunzo ya kuupanda katika bustani za Afrika, na katika miaka ya 2000 mashamba ya biashara yalianzishwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa ajili ya viwanda vya dawa. Kwa mwenye bustani, artemisia ilifanana na umubirizi: jani chungu, linalochemshwa, linalosemwa kutibu homa. Kama ilivyokuwa kwa mkaratusi, palikuwa tayari pana nafasi iliyoandaliwa kwa ajili yake uani.

Tofauti ilikuwa katika uhusiano wake na hospitali. Rwanda iliacha klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kutokana na usugu, na mwaka 2006 ikahamia kwenye dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, ambayo nguvu yake ya kwanza hutoka katika jamii hiyo hiyo ya artemisinini. Umubirizi hauna dawa ya hospitali inayoutegemea. Artemisia inayo, na ndiyo iliyokuwa ngao kuu ya taifa dhidi ya malaria.

Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mwaka 2012, likaurudia mwaka 2019, kwamba halipendekezi chai wala unga wa artemisia kwa kutibu au kukinga malaria. Sababu zake zinaeleweka na mkulima yeyote. Kiasi cha artemisinini hutofautiana kulingana na mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha, na kemikali hiyo haiyeyuki vizuri katika maji. Mgonjwa aweza kupata kiasi kidogo kisichoua vimelea vyote, homa ikashuka kwa muda kisha ikarudi. Kwa mtoto mdogo, malaria ya falsiparamu yaweza kuwa kali ndani ya saa 24, na siku moja ya kungojea chai ifanye kazi yaweza kuwa siku ya mwisho.

Mwaka 2020 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Aline Uwimana wa Rwanda, uliochunguza vimelea vilivyokusanywa kati ya mwaka 2012 na 2015. Huko Masaka, katika wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, badiliko la jeni linaloitwa R561H lilipatikana kwa wagonjwa 19 kati ya 257, sawa na asilimia 7.4. Uchambuzi wa nasaba ulionyesha kwamba vimelea hivyo havikuletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ambako usugu ulijulikana kabla. Vilizuka humu humu. Utafiti mwingine wa mwaka 2021 ulilihusisha badiliko hilo na kuchelewa kwa vimelea kutoweka katika damu ya wagonjwa waliotibiwa.

Haifai kuzisoma takwimu hizi kwa haraka. Hazithibitishi kwamba chai ya bustanini ndiyo iliyozaa usugu, na mamilioni ya dozi za dawa rasmi zinazotumiwa kila mwaka ni shinikizo kubwa zaidi kwa vimelea kuliko bustani za nyumbani. Zinachothibitisha ni kwamba dawa iliyobaki imekuwa kitu cha kulindwa kwa uangalifu, na kwamba jiji la Kigali ndilo moja ya mahali pa kwanza barani ambapo ulinzi huo umehitajika. Katika mazingira hayo, kumweka mpandaji wa artemisia katika kundi moja na mpandaji wa umuravumba, kisha kuwanyamazia wote wawili, ni kosa la kisera.

7.0 Uani unaopungua

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,132,686 katika Jiji la Kigali. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 1,745,555. Ongezeko hilo la zaidi ya nusu katika miaka 10 limebadili uani kuliko sheria yoyote ya tiba. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 2013, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2020, unasisitiza makazi ya msongamano na majengo ya ghorofa ili ardhi ya vilimani isimalizwe na nyumba. Wakazi wa Kiyovu ya chini walihamishiwa Batsinda katika miaka ya 2007 na 2008, na wale wa Kangondo na Kibiraro walihamishiwa katika maghorofa ya Busanza.

Hoja za mpango huo, zikiwamo za maporomoko ya ardhi, maji safi na barabara, ni nzito, na makala haya hayazipingi. Yanachoongeza ni jambo lisilohesabiwa katika fidia. Anayehamia ghorofani hupewa jiko, choo na umeme, lakini hapewi igikari. Kipandikizi kilichopatikana kwa kunyoosha mkono juu ya uzio sasa hununuliwa kwa mchuuzi, na mnunuzi hajui kilivunwa wapi, lini, wala kama ni spishi aliyoiomba. Wakati wa janga la korona, lililobainika Rwanda tarehe 14 Machi 2020, watu wengi wa Afrika Mashariki walirudi kwenye kujifukiza na majani ya mkaratusi na mimea mingine. Mahitaji ya aina hiyo yanapopanda ghafla katika mji ambao nyua zake zimepungua, biashara huchukua nafasi ya ujirani, na pamoja na ujirani hupotea yule aliyeweza kusema, "Hilo silo jani lenyewe."

Serikali tayari inayo njia ya kurudisha sehemu ya kilichopotea. Kampeni ya akarima k'igikoni, yaani bustani ya jikoni, imeihimiza kila kaya kupanda mboga ili kupambana na utapiamlo, hata pale ardhi ilipo ndogo, kwa kutumia vitalu vya mduara, magunia na vyombo. Kwa asili yake bustani hiyo ni uani uliopewa jina la kisera. Ina lishe, lakini haijapewa lugha ya kusema kuhusu dawa inayoota kando ya mchicha.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa hapo juu inaonyesha desturi inayobadilika daima. Uani wa Kigali ulipokea tangawizi na mchaichai kutoka kwa Waswahili, mkaratusi kutoka kwa wamisionari, majina mapya kutoka kwa waliorejea, na umekuwa tayari kuipokea artemisia. Mpandaji hakuwahi kuwa mhifadhi tu wa mambo ya kale. Alikuwa mteuzi, na aliyekuwa na wajibu wa kumshauri katika uteuzi wake hakumfikia. Makala yanapendekeza hatua zifuatazo.

Kwanza, mafunzo ya abajyanama b'ubuzima yaongezewe somo fupi kuhusu mimea ya nyumbani, linalotenganisha mimea ya kupunguza usumbufu wa mafua na kikohozi na ile inayodaiwa kutibu malaria. Kanuni iwe moja na rahisi: kila homa ya mtoto ipimwe kwanza siku hiyo hiyo, na chai isichelewesha kipimo wala kuchukua nafasi ya dawa mseto.

Pili, artemisia ishughulikiwe peke yake. Badala ya katazo la jumla, ambalo litaifanya ipandwe kwa siri, wapandaji waelezwe uhusiano wake na dawa ya hospitali na matokeo ya Masaka kwa lugha ya kawaida. Mtu aliyejua kuuheshimu utomvu wa umuyenzi hatashindwa kuelewa kwamba mmea waweza kudhuru kwa njia isiyoonekana.

Tatu, iandaliwe faharasa ya majina ya mimea ya nyumbani katika Kinyarwanda, Kiswahili, lugha jirani na Kilatini, ikiwa na picha. Kiswahili kilitungiwa sheria ya kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017 na ni lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007. Kazi hii inafaa kufanywa na wanaisimu na wanabotania pamoja, kwa kuwa kila upande ukifanya peke yake utazalisha orodha nyingine isiyomfikia mtumiaji.

Nne, miradi ya makazi ya ghorofa itenge vitalu vya pamoja vya bustani, na mwongozo wa akarima k'igikoni uitaje mimea michache ya kienyeji iliyothibitishwa kuwa salama, pamoja na namna ya kuipanda, msimu wa kuivuna na kipimo chake. Wazee wanaojua mimea hiyo wahojiwe wakati bado wapo, na majina yao yaandikwe kando ya ujuzi wao, kama yalivyoandikwa majina ya mapadri na wanakemia waliowatangulia katika vitabu.